Santuri za jazi za zamani: mambo ya kujua kabla hujauza sanduku la mzee

Hadithi hii hujirudia katika vijiji vya Barabara ya Kilwa. Kijana mwenye begi mgongoni anashuka kwenye basi Kibiti, anakaa kwenye kijiwe cha kahawa, halafu anauliza taratibu: hapa kuna mzee aliyekuwa na gramafoni? Akielekezwa nyumba anafika, anasalimia vizuri, anaonyeshwa sanduku la mbao lililofunikwa khanga chakavu, anapekua haraka haraka, kisha anataja bei moja ya sanduku zima. Wenye nyumba, ambao kwa miaka thelathini sanduku hilo wamelitumia kama meza ya kuwekea taa, wanaona wamepata neema. Kijana anaondoka na basi la jioni.

Huenda bei ile ilikuwa ya haki. Huenda pia ndani ya sanduku mlikuwa na santuri moja ambayo peke yake ingelipa ada ya mtoto wa sekondari. Tatizo ni kwamba muuzaji hakuwa na namna ya kujua. Makala haya yanaeleza santuri hizo ni nini hasa, zipi zinatafutwa na kwa nini, zinapimwaje ubora, na mtu aliyeko Kibiti, Bungu, Nyamisati au Mbwera afanye nini kabla ya kupokea fedha.

"Jazi" ya kwetu siyo jazi ya Marekani

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wauzaji wengi hupoteana na wanunuzi. Mtu anayeandika "nauza santuri ya jazi" ataulizwa na mnunuzi wa Ulaya kama ni Duke Ellington au Miles Davis. Kumbe yeye ana Kilwa Jazz.

Afrika Mashariki neno hilo lilikuja kuwa na maana ya bendi ya kisasa ya dansi: magitaa, saksafoni au tarumbeta, ngoma, na watu wanaocheza wawili wawili au kwa mstari. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Muziki wenyewe uliazima zaidi kutoka Cuba kuliko New Orleans. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, zikiwa na rumba na son za Cuba kwa ajili ya soko la Afrika, na santuri hizo zilisikilizwa mno katika miji ya pwani. Ndiyo maana Salum Abdallah, alipoanzisha bendi yake Morogoro mwaka 1948, iliishia kuitwa Cuban Marimba.

Bendi nyingi za Dar es Salaam ziliendeshwa kama vyama. Wanachama walilipa ada, chama kilimiliki vyombo, na mara nyingi waliojiunga walitoka sehemu moja ya nchi. Western Jazz ilikuwa ya watu waliotoka Jimbo la Magharibi, Kilwa Jazz ya watu wa Kilwa, na kulikuwa na Ulanga Jazz na Rufiji Jazz vilevile. Kwa mtu wa Kibiti hili si jambo dogo. Vijana waliotoka mtoni kwenda kufanya kazi bandarini au viwandani Dar walikuwa na mahali pa kukutana Jumamosi, na waliporudi nyumbani kwa likizo walibeba santuri. Huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba mtu anatoka mjini.

Kwa hiyo ukitangaza santuri ya namna hii, andika kwanza jina la bendi kama lilivyo kwenye lebo, halafu eleza kwamba ni muziki wa dansi wa Tanzania. Wanunuzi wa muziki huu wapo, tena wanaujua vizuri, lakini wanautafuta kwa jina la bendi, la kampuni na kwa namba. Neno "jazi" likisimama peke yake litakuletea watu wasio wako.

Ikitokea kweli una jazi ya Marekani, labda aliyoiacha mwajiri wa kizungu au baharia, soko lake ni jingine na limechambuliwa kwa undani. Kwa mfano, santuri za Blue Note za miaka ya 1950 hutofautishwa kwa anwani ya kampuni iliyochapwa kwenye lebo. Toleo la kwanza na toleo la miaka ishirini baadaye yana muziki uleule na picha ileile, lakini bei zake ni mbingu na ardhi. Ya namna hiyo usiiuze mlangoni kabla hujaitazama kwa makini.

Zilichapwa wapi, na kwa nini ni chache

Tanzania ilikuwa na bendi nyingi, ilikuwa na redio iliyozirekodi, lakini haikuwa na kiwanda kilichokuwa kikifanya kazi ya kuchapa santuri. Bendi ilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zile zikabaki kwenye tepu kwa matumizi ya redio. Ili ziwe santuri, ilibidi kampuni ya Kenya ihusike, kwa kuwa kiwanda kilikuwa Nairobi. Baadhi ya bendi zilisafiri zenyewe kwenda kurekodi huko.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalifikirii. Nyimbo nyingi ambazo wazee wanazikumbuka kutoka redioni hazikuwahi kuwa santuri. Na kinyume chake, zipo nyimbo zilizotoka kwenye santuri za Nairobi ambazo zinasikika tofauti na zile zilizopigwa redioni: studio nyingine, siku nyingine, na wakati mwingine hata mpiga solo si yuleyule. Santuri hiyo ikipotea, rekodi hiyo imepotea.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Biashara ya santuri kutoka Nairobi ikaathirika vibaya. Wakati huohuo kaseti ilikuwa imeingia, na kaseti mtu aliweza kuinakili nyumbani. Hivyo sanduku la kawaida la mzee wa Kibiti lina santuri za kati ya miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1970, chache sana baada ya hapo.

Zigawe kwanza katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile nzito, nyeusi, zinazovunjika kama sahani ya udongo. Hizi huzunguka mara 78 kwa dakika na zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu. Zilipigwa kwa gramafoni ya kuzungusha mpini, na ndiyo maana zilifika hata visiwa vya delta ambako umeme haukuwahi kufikiriwa. Humo utakuta taarabu ya zamani, kwa kuwa Siti binti Saad alianza kurekodi Bombay mwaka 1928 kwa HMV, na utakuta lebo kama Columbia, Gallotone, Jambo ya Nairobi na Mzuri ya Mombasa.

Fungu la pili ni santuri ndogo za plastiki, upana wa inchi 7, zinazozunguka mara 45. Hizi ndizo moyo wa muziki wa dansi. Zina wimbo mmoja kila upande, au wimbo mmoja mrefu uliokatwa sehemu mbili, maneno upande wa kwanza na magitaa upande wa pili. Angalia lebo za Philips na Polydor. Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma: haya ndiyo majina ya kukufanya usimame.

Fungu la tatu ni santuri kubwa za inchi 12 zinazozunguka mara 33 na theluthi, zenye nyimbo kadhaa na kava la picha. Kwa bendi za Tanzania za wakati ule ni chache. Nyingi ni mikusanyo ya nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye santuri ndogo.

Umaarufu siyo uadimu

Mtu akiona jina la Mbaraka Mwinshehe kwenye lebo, moyo unadunda. Ni haki yake. Mbaraka ndiye aliyeifanya Morogoro Jazz ijulikane nchi nzima, alikwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Lakini kwa sababu alipendwa sana, santuri zake zilichapwa na kununuliwa kwa wingi, hasa zile alizorekodi Kenya miaka yake ya mwisho. Baada ya kifo chake uliendelea kutoka mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa "Ukumbusho". Nakala za namna hiyo bado zinapatikana. Bei yake huamuliwa na hali yake: iliyo safi inauzwa vizuri, iliyokwaruzwa haina mtu.

Kinachopandisha bei ni watu wengi kuitaka na nakala chache kubaki. Bendi ndogo iliyotoa santuri mbili tatu, ikasambaratika, inaweza kushinda jina kubwa. Santuri ya Cuban Marimba ya wakati wa uhai wa Salum Abdallah, ambaye naye alifariki kwa ajali mwaka 1965, ina uzito wake, hasa ikiwa bado inasikika vizuri. Na kwa maoni yetu, santuri ambayo lebo yake ina jina la bendi usilolijua kabisa ndiyo ya kuichunguza kuliko zote. Wauzaji huiweka kando kama takataka. Mnunuzi mzoefu huichukua hiyo kwanza, bila kusema neno.

Kusoma lebo

Chukua daftari. Kwa kila santuri andika jina la bendi, majina ya nyimbo pande zote mbili, jina la mtunzi kama lipo, jina la kampuni, na namba. Namba hii, mara nyingi herufi kadhaa zikifuatwa na tarakimu, ndiyo kitambulisho cha santuri. Kisha iinamishe kwenye mwanga utazame eneo laini lililo kati ya mwisho wa mistari na lebo. Humo kuna herufi na namba zilizochongwa au kupigwa mhuri. Hizo zinaonyesha ni bamba gani lilitumika kuichapa, na wanunuzi makini wataziuliza.

Piga picha lebo zote mbili mchana, kivulini, bila flashi. Simu ya kawaida inatosha.

Ukishakuwa na namba, mtu mwenye intaneti anaweza kuitafuta kwenye tovuti ya Discogs, ambayo ni kama daftari kubwa la santuri za dunia lililoanzishwa mwaka 2000 na linalojazwa na wapenzi wenyewe. Faida yake kubwa ni kwamba huonyesha santuri hiyo imewahi kuuzwa kwa bei gani: ya chini, ya katikati na ya juu. Tofautisha bei iliyolipwa na bei inayoombwa. Mtu yeyote anaweza kuomba dola 500, na santuri ikakaa hapo miaka mitano. Kama santuri yako haimo kabisa, hilo halimaanishi haina thamani. Muziki wetu mwingi bado haujaandikwa humo, na kukosekana kwake kunaweza kuwa dalili ya uadimu.

Hali ya santuri, na kosa la herufi G

Wanunuzi wa dunia nzima wanatumia ngazi zinazofanana. Ya juu kabisa ni M, santuri ambayo haijawahi kuguswa na sindano. Inafuata NM, iliyo karibu kabisa na mpya. Halafu VG+, ina mikwaruzo midogo isiyosikika sana. VG ina sauti ya mchakato mchakato, ila muziki uko juu ya kelele. G+ na G zina kelele nyingi. F na P ni za kuruka, kupinda au kuvunjika.

Angalia mtego uliopo. G ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya "nzuri", lakini kwa wauza santuri ni mbovu, mnunuzi wa kawaida haigusi. Muuzaji wa kwetu anayeandika G kwa nia njema anajishushia bei, na anayeandika NM kwa santuri iliyopigwa kwenye harusi ishirini atarudishiwa mzigo na kupoteza jina. Sema ukweli, tena ukiegemea upande wa chini kidogo. Santuri ipimwe peke yake na kava lake peke yake.

Santuri za bendi zetu kwa kawaida zimechoka. Zilipigwa kwenye gramafoni za betri zenye sindano nzito, kwenye vumbi, na watu waliokuwa wakicheza sakafu ikitikisika. Wanunuzi wanalijua hilo na wanalivumilia kuliko wanavyovumilia mkwaruzo kwenye jazi ya Marekani. VG ya Kilwa Jazz si jambo la kuonea aibu.

Delta ni adui wa santuri

Hewa ya mikoko ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Makaratasi ya kava hushika ukungu, ukungu huhamia kwenye mistari, na panya wa mashamba ya mpunga hawachagui. Santuri ikae wima kama vitabu kabatini. Zikilazwa moja juu ya nyingine, za chini hupinda au, zikiwa za shelaki, hupasuka. Usiziweke chini ya bati lisilo na dari. Usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani saa saba mchana, kwa kuwa plastiki ile hupinda na kupinda huko hakurudi.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizikuta kaya nyingi za Rufiji na Kibiti bila muda wa kuokoa hata magodoro, sembuse santuri. Waliorudi wakakuta sanduku limejaa tope wengi walilitupa. Haikuwa lazima. Maji hayadhuru plastiki yenyewe. Kinachoharibika ni kava na lebo. Santuri iliyolowa tope usiisugue ikiwa kavu, maana mchanga utakata mistari. Kwanza piga picha lebo kabla haijabanduka, kisha suuza kwa maji safi yanayotiririka polepole, ukikinga lebo kwa kiganja. Kava lililolowa litenganishe na santuri mara moja, likauke kivulini.

Kwa usafi wa kawaida, santuri za plastiki zifutwe kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mistari, kisha usuuze na kukausha. Maji ya visima vya delta yana chumvi na huacha unga mweupe. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni bora. Wengine hushauri maji ya betri ya gereji, lakini chupa nyingine zinazoitwa hivyo zina tindikali, kwa hiyo tunasema usibahatishe.

Spiriti iogope. Kwenye santuri ya shelaki, zile nzito za 78, spiriti huyeyusha uso wa santuri yenyewe. Kitambaa kinatoka cheusi, mtu anafurahi kwamba uchafu unatoka, kumbe anafuta muziki.

Na usijaribu santuri ya plastiki kwenye gramafoni ya mpini ili kumwonyesha mgeni kwamba inafanya kazi. Sindano ile ya chuma ilitengenezwa kwa mistari mipana ya 78 na ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Mara moja inatosha kuiharibu santuri ya 45.

Kabla ya kuuza: sanduku ni la nani?

Swali hili linauma, lakini ndilo linaloleta ugomvi kuliko bei. Mzee akishafariki, santuri zake ni sehemu ya mirathi kama mnazi na mtumbwi. Mtoto mmoja aliyebaki nyumbani hawezi kuziuza akidhani ni vitu chakavu visivyo na mwenyewe. Ndugu aliyeko Mbagala akisikia baadaye kwamba santuri moja iliuzwa kwa fedha nyingi, kikao kitaitishwa. Waambie mapema. Kama msimamizi wa mirathi amekwisha kuteuliwa mahakama ya mwanzo, yeye ndiye wa kuuza, kwa maandishi. Na kama mzee yupo hai, hata kama hasikii vizuri, muulize. Wapo wanaojua kila santuri waliinunua lini na kwa nani, na maelezo hayo, ukiyaandika, humvutia mnunuzi.

Jambo la pili: nakili kwanza. Dar es Salaam wapo mafundi wenye pleya inayounganishwa na kompyuta, na ukiwa na sindano sahihi, santuri yote huhamishwa kwa muda uleule inaochukua kuipiga. Familia ibaki na sauti. Tumeona watu wakijuta kuuza sauti ya bendi aliyopigia babu yao ngoma, wakaja kuitafuta tena bila mafanikio.

Jambo la tatu linahusu haki. Ukinunua santuri unamiliki kitu kile cha duara, humiliki wimbo. Wimbo ni wa mtunzi na warithi wake, na kwa sheria ya Tanzania haki ya mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Siku hizi kampuni za nje hutoa upya muziki huu. Mikusanyo kama "The Tanzania Sound" ya mwaka 1987, na mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ndiyo iliyowafanya wageni waanze kuujua. Pale ambapo tepu ya asili haipatikani, santuri safi inaweza kutumika kama chanzo. Kwa hiyo anaweza kuja mtu anayetaka santuri pamoja na karatasi iliyosainiwa kwamba umempa "haki zote". Usisaini. Huwezi kuuza kisicho chako, na unaweza kuwafungia mlango wajane na watoto wa wanamuziki ambao wanastahili malipo. Mwelekeze COSOTA, ambako ndiko mambo ya hakimiliki hushughulikiwa.

Njia za kuuza

Zipo tatu, na hakuna iliyo bora kwa kila mtu.

Kumuuzia anayebisha hodi ni rahisi na fedha unaipata papo hapo. Mnunuzi huyo amelipa nauli, amepoteza siku, na nusu ya anachobeba hakitauzika, kwa hiyo haki yake ni kupata faida. Kosa ni kumpa sanduku zima kwa bei moja. Mwambie aweke kando zile anazozitaka kweli. Hapo tu utajua mengi. Kisha mwambie arudi baada ya wiki, au akuachie namba. Asiyetaka kusubiri hata siku moja amekwisha kukuambia kitu.

Kwenda Dar mwenyewe kunagharimu nauli na muda, ila unapata watu wawili watatu wa kushindanisha bei. Usibebe sanduku lote. Beba daftari, picha, na santuri tano za mfano.

Kuuza mtandaoni kwa mnunuzi wa nje ndiko kunakoweza kuleta bei kubwa, na ndiko kwenye kazi nyingi. Tovuti hukata asilimia yake, lazima uwe na akaunti inayoweza kupokea fedha kutoka nje, na sifa ya muuzaji mpya ni sifuri, hivyo wanunuzi humwogopa. Piga hesabu hivi: tuseme santuri imekubaliwa kwa shilingi 150,000. Toa makato ya tovuti, toa gharama ya kupokea fedha, toa boksi na gundi, toa nauli ya kwenda posta na kurudi. Kama unatoka Mbwera kwa boti hadi Nyamisati na kisha gari hadi Kibiti, siku imekwisha. Kwa santuri moja pengine haifai. Kwa kumi inafaa. Wengi hushirikiana na kijana wa familia aliyeko mjini, kwa makubaliano ya fungu yaliyoandikwa.

Kwa malipo ya simu, tahadhari ni zilezile tunazozisema kila siku redioni. Usiamini ujumbe, angalia salio. Anayedai ametuma fedha nyingi kimakosa na anaomba umrudishie tofauti ni tapeli. Anayekwambia hela uitume kwenye namba nyingine, naye ni ndugu wa yuleyule. Namba ya siri haiombwi na mnunuzi wa santuri yeyote aliye hai.

Kufunga na kutuma

Toa santuri ndani ya kava lake, iweke kwenye karatasi laini, kisha uiweke nyuma ya kava. Ikibaki ndani, ukingo wake utachana kava njiani. Kata vipande viwili vya boksi gumu, vikubwa kuliko santuri kwa vidole viwili kila upande, uibane katikati, mistari ya boksi moja ikiwa wima na ya pili ikiwa ya kulala, ili isikunjike. Funga kwa nailoni kabla ya boksi la nje. Msimu wa masika hili si la hiari.

Santuri za 78 zinahitaji boksi la ndani na boksi la nje, katikati magazeti yaliyofinyangwa, na zisizidi chache kwa mzigo mmoja. Kifurushi cha kwenye basi kutoka Kibiti kwenda Dar usikiweke chini ya magunia. Kaa na kondakta mpaka ukione kimewekwa mahali, chukua namba ya gari, na mpigie anayekipokea kabla basi halijavuka Jaribu Mpakani. Ukituma kwa posta, omba huduma yenye namba ya kufuatilia mzigo, piga picha risiti, na umtumie mnunuzi picha hiyo siku hiyohiyo.